Utafiti wa plazma baridi uanzie kwenye gunia la mahindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nitoe maoni kuhusu jambo ambalo halizungumzwi sana magazetini, lakini ambalo vyuo vyetu vikuu vitalazimika kuliamua siku si nyingi: ni maswali gani ya sayansi ya plazma baridi yanayostahili fedha zetu na vijana wetu katika miaka kumi ijayo, na yapi tuwaachie wengine. Mimi ni mwalimu wa fizikia niliyestaafu, sina mradi ninaouombea fedha, na ninachopendekeza hapa huenda kikawaudhi baadhi ya wenzangu ambao wangependa tuanze na mambo makubwa zaidi.

Kwa faida ya wasomaji ambao si wa fani hii, plazma ninayoizungumzia si ile ya damu. Ni gesi iliyopitishiwa umeme hadi baadhi ya atomi na molekuli zake zikapoteza elektroni, ikawa inapitisha umeme na mara nyingi inatoa mwanga. Mmarekani Irving Langmuir ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1928. Radi ni plazma, na cheche ya fundi anayechomelea mageti ni plazma pia, ila hizo mbili ni za moto kwelikweli. Ile inayoitwa baridi ina tabia ya ajabu. Elektroni zake zina nishati inayolingana na joto la nyuzi elfu kumi na zaidi, ilhali gesi yenyewe inabaki karibu na joto la chumba, kwa sababu elektroni ni nyepesi mno na kila zinapogongana na molekuli huzigawia sehemu ndogo sana ya nishati zilizo nayo. Hali hiyo ndiyo iliyomo ndani ya taa ya tyubu, na ndiyo maana mtu anaweza kuishika taa hiyo ikiwa inawaka bila kuungua. Plazma hiyo ikizalishwa kwenye hewa ya kawaida, elektroni zake huvunja molekuli na kuzaa ozoni, oksidi za nitrojeni na chembe nyingine ambazo hazikai zenyewe bali huungana upesi na chochote kilicho karibu. Karibu kila manufaa ninayoyataja katika barua hii yanatokana na hapo.

Nchi tajiri zimekwisha kujiwekea vipaumbele vyao. Mwezi Machi 2008 Wizara ya Nishati ya Marekani iliwakutanisha wanasayansi wa fani hii katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, nao wakatoka na maeneo matatu: kutabiri na kudhibiti namna nishati inavyogawanyika miongoni mwa chembe za plazma, kuelewa tabia za pamoja za chembe hizo na jinsi vitu vinavyosafiri ndani yake, na kuelewa kinachotokea plazma inapokutana na kitu kigumu, kimiminika au tishu hai. Baadaye likaja jarida moja la fizikia la Uingereza lililochapisha dira ya fani hii mwaka 2012, kisha 2017, kisha 2022, kila mara kwa mikono ya mabingwa wa nchi mbalimbali. Ni kazi nzuri, na mwanafunzi yeyote wa shahada ya uzamili anapaswa kuzisoma. Lakini msomaji makini ataona kwamba nyuma ya orodha hizo kimesimama kiwanda cha chipu za kompyuta, ambako plazma ndiyo inayochonga mifereji ya upana wa nanomita chache juu ya silikoni, kazi ambayo kemikali za majimaji haziwezi kuifanya kwa unyoofu huo. Nchi yenye viwanda hivyo ina haki ya kuviuliza maswali yake. Sisi hatuna, ukiacha juhudi inayopaswa kupongezwa ya kampuni iliyopo Nyeri, nchini Kenya, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Tukizinakili orodha hizo jinsi zilivyo, tutawafundisha vijana wetu kujibu maswali ya mtu mwingine, halafu tutashangaa wakihama kumfuata.

Jambo la kuiga kwa Wamarekani ni yale yaliyofuata baada ya mkutano. Mwaka 2009 kilianzishwa kituo cha utafiti kilichoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Michigan kushughulikia eneo la kwanza kati ya yale matatu, na mwaka 2019 zikafunguliwa maabara za pamoja huko Princeton na katika Maabara za Taifa za Sandia, ambako mtafiti wa chuo kisicho na vifaa anaweza kuomba muda wa kutumia vipimo vya thamani kubwa. Toka mkutano hadi maabara hizo ilipita miaka kumi na moja, na katika muda huo watu hawakubadili mada kila bajeti ilipobadilika.

Nikija kwetu, pendekezo langu ni kwamba kipaumbele cha kwanza kiwe sumukuvu katika nafaka. Wasomaji wengi wanakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni mpakani, na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti ya kila shehena kuwa na cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni, yaani mikrogramu 10 kwa kilo. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako waliugua watu 68 na kufariki 20. Hayo ni madhara ya kula sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogokidogo kwa miaka haingii kwenye hesabu hizo, ingawa sumu hiyo inajulikana kusababisha saratani ya ini. Na kupika hakusaidii sana, kwa maana sumu hii inahimili joto la sufuria ya ugali.

Plazma inaingiaje hapo? Molekuli ya sumukuvu aina ya B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote, ina kiungo maradufu kati ya atomi mbili za kaboni pembezoni mwa umbo lake, na ukali wake unategemea sana kiungo hicho. Ozoni na chembe za hidroksili (oksijeni moja iliyoshikana na hidrojeni moja) zinazozaliwa katika plazma hushambulia mahali hapohapo. Maabara za nchi kadhaa zimekwisha kuonyesha kwamba sumu hupungua nafaka ikiwekwa kwenye plazma baridi kwa dakika chache, na kuvu wenyewe hufa. Kanuni hiyo haina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye mambo ambayo wanaotafuta fedha za miradi hawapendi kuyaweka ukurasa wa kwanza.

La kwanza ni kwamba plazma hufanya kazi juu ya uso wa kitu. Nikiwa bado kazini tuliwahi kuunda na wanafunzi kifaa kidogo kwa kutumia transfoma kuukuu ya bango la taa za neoni, vioo viwili vya dirisha na karatasi ya alumini, tukapanga punje za mahindi katikati ya vile vioo na kuzima taa za chumba. (Nisieleweke vibaya: volti za transfoma hiyo zinaua, na sishauri mtu ajaribu nyumbani.) Nyuzi nyembamba za mwanga wa zambarau zilishuka kutoka kwenye kioo cha juu zikatua mgongoni mwa kila punje, zikihamahama, na harufu ya ozoni ikajaa chumba. Tulipoinamisha macho usawa wa meza tulikiona kile ambacho picha za vitabuni hazikionyeshi: ubavu wa punje uliolala kwenye kioo cha chini ulikuwa giza, na kwenye ncha ya punje, pale iliposhikana na gunzi, ambapo kuvu hupenda kupenyea, mwanga haukufika hata mara moja. Kama sumu imeshaingia ndani hadi kwenye kiini, mwanga wa nje hauwezi kuifuata, na ozoni inapenya polepole mno. Kwa hiyo swali la utafiti ni namna ya kuzigeuza punje, kuzipepea na kuzipitisha kwa unene gani ili kila upande uguswe, na hilo ni swali la mhandisi wa mashine za kilimo kama lilivyo la mwanafizikia.

La pili ni hewa yetu. Vipimo vingi vilivyochapishwa vimefanywa kwa gramu chache za nafaka, au kwa sumu iliyopakwa kwenye kipande cha kioo, na mara nyingi kwa gesi kavu ya mtungi. Unyevu ukiongezeka, ozoni inayozaliwa hupungua na hidroksili huongezeka, kwa hiyo mashine iliyopangwa vizuri kwa hewa kavu ya Dodoma mwezi Agosti haitatoa matokeo yaleyale ikihamishiwa ghala la Tanga wakati wa masika. Mwinuko nao una athari zake. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ina mgandamizo wa hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Dar es Salaam, na tangu Mjerumani Friedrich Paschen aandike kanuni yake mwaka 1889 tunajua kwamba volti inayohitajika kuiwasha gesi inategemea mgandamizo huo. Ninapenda sana eneo hili, kwa sababu ni sayansi ya msingi yenye hadhi kamili, inayoweza kuchapishwa popote duniani, na mahali pa kuifanyia ni hapahapa, kutoka pwani hadi nyanda za juu, katika safari ya basi ya siku moja au mbili.

La tatu ni umeme. Napendekeza kikomo kiwekwe kabla ya jaribio la kwanza: mashine isitumie zaidi ya uniti mbili kwa gunia la kilo 100. Sijakiokota kikomo hicho hewani. Uniti moja ikigeuka yote kuwa joto ndani ya gunia hilo itapandisha joto la mahindi kwa nyuzi kati ya 15 na 20, na kwa uniti tano mahindi yatakaribia kuchemka, hapo mtu atakuwa anakausha au kupika kwa gharama kubwa huku akijisifu kwamba anafanya plazma. Anayesema mashine yake inaondoa asilimia kadhaa ya sumu bila kutaja uniti kwa kila kilo hajasema kitu.

La nne, na hili ndilo zito kuliko yote, ni kwamba plazma ina washindani waliotangulia. Kukausha mapema juu ya turubai, kuchambua punje mbovu kwa mkono, kukoboa, kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na ile Aflasafe, inayosambaza shambani kuvu wasio na sumu ili wawazidi nguvu wenye sumu, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018. Hizo zote zinafanya kazi, na mkulima wa Kiteto anaweza kuanza na turubai msimu huu. Plazma haiwezi kuwa mbadala wa turubai. Nafasi yake, kama ipo, ni kwa mfanyabiashara wa Kibaigwa au msagishaji mkubwa ambaye shehena yake imepimwa ikakutwa na sehemu 15 au 20 katika bilioni, imezidi kikomo lakini si kwa mbali, na chaguo lake ni kuiangamiza au kuiuza kwa njia za panya. Utafiti ulengwe hapo, na ulinganishwe na kukoboa kwa mashine ya kawaida, maana kukoboa peke yake hupunguza sumu nyingi. Aidha wataalamu wa lishe na wa sumu wawemo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa vipande vinavyobaki baada ya sumukuvu kuvunjwa navyo vinahitaji kupimwa usalama wake, na ozoni nyingi huchachusha mafuta yaliyomo kwenye kiini.

Najua wapo watakaosema kwamba jambo kubwa zaidi ni mbolea, na sina budi kuwajibu. Wazo la kutengeneza mbolea kutokana na hewa na umeme lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1903 Wanorwe wawili, Kristian Birkeland na Sam Eyde, waligundua namna ya kutanua mwali wa umeme kwa sumaku na kuunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani, na mwaka 1905 kiwanda kikaanza Notodden kwa nguvu ya maporomoko ya maji. Plazma hiyo ilikuwa ya moto, na kila tani ya asidi ya nitriki ilikula uniti zipatazo 15,000. Ilipofika 1913 Wajerumani walifungua kiwanda cha Oppau kwa njia ya Haber na Bosch, inayounganisha nitrojeni ya hewani na hidrojeni kupata amonia, na iliyotumia nishati pungufu kuliko tanuri hizo, na mwishoni mwa miaka ya 1920 Wanorwe wenyewe wakaanza kuziacha tanuri zao. Siku hizi plazma baridi inatajwa kuwa itafufua wazo hilo, na kwenye karatasi inawezekana, kwani kiwango cha chini cha nishati kinachoruhusiwa na kanuni za kemia ni kidogo kuliko cha Haber na Bosch. Kwa vitendo, maabara bora zinazotumia hewa ya mgandamizo wa kawaida bado zinatumia nishati mara nne hivi ya njia hiyo ya viwandani.

Nimejaribu kulipigia hesabu kwa kipimo tunachokifahamu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Kwa tanuri za Notodden nitrojeni hiyo ingehitaji kiasi cha uniti 1,500, na kwa plazma nzuri ya leo zaidi ya 1,000. Mteja wa umeme wa majumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, angetumia umeme huo wa Notodden kwa miezi ishirini. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na ninafurahi kama Mtanzania yeyote, lakini huo si umeme wa kuuchezea namna hiyo tukiwa na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay inayoweza kutengenezea mbolea kwa njia ya viwandani. Tumsomeshe mwanafunzi mmoja au wawili katika eneo hili ili tusipitwe na habari, basi.

Kuhusu tiba nitakuwa mfupi. Ujerumani ilikwisha kuruhusu vifaa vya plazma baridi vya kutibu vidonda visivyopona tangu mwaka 2013, na mji wa Greifswald una taasisi kubwa iliyobobea katika fani hii. Vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari tunavyo, na vingi. Lakini hilo ni suala la hospitali kununua kifaa kilichothibitishwa na madaktari wetu kukipima kwa wagonjwa wetu, halihitaji sisi kubuni kifaa kipya.

Linabaki swali la nani afanye na wapi. Hapa ndipo mipango yetu mingi inapokufa. Nimewahi kuona katika taasisi moja, ambayo sitaitaja, spektromita ya bei kubwa ikiwa bado ndani ya boksi lake miaka kadhaa baada ya kuletwa na wafadhili, kwa sababu tu umeme ulikuwa unakatika na hakuna aliyekuwa na bajeti ya kifaa cha kutuliza umeme. Fundi aliyepelekwa kusomea kifaa hicho alikuwa ameshahamia sekta nyingine. Mpango wowote wa utafiti wa plazma usiotenga mishahara ya mafundi na vipuri kwa miaka yote kumi ni bora usianze.

Tunao mfano wa kuigwa ambao haukutoka nchi tajiri. Mwaka 1985 na 1986 Chuo Kikuu cha Malaya kilichopo Kuala Lumpur, chini ya Profesa Sing Lee na kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, kiliwakaribisha watafiti kutoka nchi zinazoendelea na kuwafundisha kuunda mashine ya plazma kwa mikono yao. Ilikuwa plazma ya moto sana, tofauti na hii ninayoisemea, lakini mtindo ndio wa maana: mashine ilijengwa juu ya kapasita moja ya mikrofaradi 30 inayochajiwa hadi volti 15,000, rahisi kiasi kwamba mshiriki aliweza kurudi kwao akiijua kila skrubu. Mashine za aina hiyo zikaenea katika vyuo vya Asia na Afrika, na mwaka 1988 ukaundwa ushirika wa mafunzo ya plazma wa Asia na Afrika. Aliyeunda mashine mwenyewe haisubiri meli kutoka Hamburg ili aitengeneze.

Kwa hiyo naishauri Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikishirikiana na Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki yenye makao yake Kigali, iweke karakana moja ya plazma ya pamoja badala ya kugawa fedha kidogokidogo kwa vyuo vitano. Mimi ningeiweka Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine kina watu wa nafaka na mashine za kilimo, Dar es Salaam yenye wanafizikia na maabara za viwango iko karibu, na Dodoma yenye mahindi yenyewe haiko mbali, ingawa wenzangu wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, nao wana hoja yao na sitagombana nao. Karakana hiyo ianze na vitu vichache: chanzo cha umeme wa volti kubwa kilichoundwa hapa, osiloskopu, spektromita moja, kipima ozoni, na makubaliano yaliyoandikwa na maabara inayopima sumukuvu ili sampuli zisikae miezi kwenye foleni. Mahindi yatolewe kwenye masoko halisi, yenye vumbi lake na mabua yake, yasiagizwe kutoka stoo ya mbegu.

Na tarehe ya kujikagua iwekwe wazi tangu mwanzo. Ikiwa hadi mwaka wa nne mashine haijaweza kuishusha shehena yenye sehemu 20 katika bilioni hadi chini ya 10, kwa uniti zisizozidi mbili kwa gunia na bila kuharibu ladha ya unga, mradi ufungwe, vifaa vibaki karakanani kwa ajili ya kufundishia, na namba zote za kushindwa huko zichapishwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili mwenzetu wa Kampala au Bujumbura asije akatumia fedha za walipakodi wake kulirudia jaribio lilelile.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Morogoro